Makumbusho ya Magari ya Mulhouse

Makumbusho ya Magari ya Mulhouse (kwa Kifaransa: Cité de l'Automobile – Collection Schlumpf) ni makumbusho ya magari ya kale yaliyopo katika mji wa Mulhouse, Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Ni kati ya makumbusho makubwa zaidi ya magari duniani, na yanajulikana hasa kwa mkusanyo wake wa magari ya Bugatti, ambao ni mkubwa kuliko mwingine wowote. Magari zaidi ya 400 yanaonyeshwa katika jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kusokota nyuzi za sufu.

Mkusanyo huo ulianzishwa na ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya sufu. Waliununua na kuutengeneza kwa siri kwa zaidi ya miaka kumi. Viwanda vyao vilipoanguka katika miaka ya 1970, wafanyakazi waliopoteza kazi waliingia ndani ya jengo hilo na kuyakuta magari. Kutokana na tukio hilo lilizuka swali lililochukua miaka mingi kujibiwa: magari hayo ni mali ya nani? Ya matajiri walioyanunua, ya wafanyakazi waliodai haki zao, ya wadai wa kampuni, au ya taifa zima?

Mahali na jengo

Mulhouse upo katika wilaya ya Haut-Rhin, karibu na mipaka ya Ujerumani na Uswisi. Mji wa Basel ulioko Uswisi uko umbali wa kilomita 30 hivi. Tangu mwaka 1746, vilipoanza viwanda vya kupiga chapa vitambaa vya pamba, Mulhouse umekuwa mji wa nguo. Baadaye viliongezeka viwanda vya kusokota na kufuma, vya mashine, na vya kemikali kwa ajili ya rangi za nguo.

Alsace imebadilisha utawala mara kadhaa. Ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa mwaka 1918, ikatwaliwa tena na Ujerumani mwaka 1940, kisha ikarudi Ufaransa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Ndiyo sababu watu wengi wa huko wana majina ya Kijerumani ingawa ni raia wa Ufaransa.

Jengo la makumbusho lilijengwa katika karne ya 19 kama kiwanda cha kusokota sufu. Ndugu Schlumpf walilinunua mwaka 1957. Ukumbi wake mkuu una eneo la mita za mraba 17,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa miguu. Paa lake lina umbo la meno ya msumeno: kila jino lina upande mmoja wa vioo unaoingiza mwanga bila jua kali. Paa la namna hii lilitumika sana katika viwanda vya nguo, kwa sababu mfanyakazi alihitaji mwanga mzuri ili auone uzi uliokatika.

Ndugu Schlumpf

Hans Schlumpf alizaliwa mwaka 1904 na mdogo wake Fritz mwaka 1906. Wote wawili walizaliwa kaskazini mwa Italia. Baba yao alikuwa Mswisi aliyefanya kazi katika biashara ya nguo. Mama yao, Jeanne, alikuwa mwenyeji wa Mulhouse, na familia ilihamia huko watoto wakiwa bado wadogo. Baba alifariki mapema, nao vijana wakalelewa na mama yao. Walimpenda mno, hata baadaye Fritz akaamua kuyatoa makumbusho yote kwa heshima yake.

Hans alisomea mambo ya benki na Fritz akawa dalali wa sufu. Mwaka 1935 walianzisha kampuni yao ya sufu. Walinunua hisa za viwanda kidogokidogo, na mwaka 1940 Fritz akawa mwenyekiti wa kiwanda cha kusokota cha Malmerspach, katika bonde la mto Thur, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Baada ya vita walinunua viwanda vingine, vikiwemo vya Mulhouse na Erstein. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa kati ya mabwana wakubwa wa sufu katika Ufaransa.

Kijiji cha Malmerspach kilitegemea kiwanda hicho karibu kwa kila kitu. Tajiri wa kiwanda alikuwa na sauti kuliko viongozi wengi wa serikali ya mtaa. Hali hii ni muhimu kwa kuelewa hasira iliyojitokeza baadaye.

Jinsi magari yalivyokusanywa

Fritz alipenda magari ya Bugatti tangu ujana wake. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili alinunua gari la mbio la Bugatti aina ya Type 35B, akalitumia katika mashindano ya kupanda milima. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa burudani ya tajiri mmoja, kama wapo wanaopenda farasi au mashua.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fritz alianza kununua magari ya kale kwa makundi. Wakati ule bei zake zilikuwa ndogo ukilinganisha na za leo. Watu wengi waliliona gari la miaka ya 1920 kuwa chuma chakavu kinachojaza banda. Fritz alitambua thamani yake kabla ya wengine. Aliipata orodha ya watu waliomiliki magari ya Bugatti, akawaandikia barua mmoja mmoja akiomba kununua.

Manunuzi mawili yalimpa sifa kuliko yote:

Mwaka 1963 kampuni ya Bugatti ya Molsheim ilinunuliwa na kampuni ya Hispano-Suiza. Magari ya familia ya Bugatti yaliyokuwa bado kiwandani yaliuzwa kwa Fritz. Kati yake lilikuwemo gari kubwa lililotumiwa na Ettore Bugatti mwenyewe, linaloitwa Coupé Napoléon.

Mwaka 1964 alinunua magari 30 ya Bugatti kwa pamoja kutoka kwa John Shakespeare wa jimbo la Illinois, Marekani, kwa dola 85,000. (Jina lisimchanganye msomaji: huyu alikuwa mkusanyaji wa magari, si yule mtunzi wa tamthilia.) Magari yalipakiwa kwenye mabehewa ya wazi ya treni, yakapelekwa hadi bandari ya New Orleans, na kutoka hapo yakavuka bahari kwa meli mpaka Le Havre.

Alinunua pia magari ya mbio kutoka kwa mtengenezaji Amédée Gordini, pamoja na mikusanyo mingine midogo. Kufikia mwaka 1967 alikuwa na magari ya Bugatti zaidi ya 100, mbali na ya kampuni nyingine.

Karakana ya siri

Magari yaliletwa kwenye kiwanda cha zamani cha Mulhouse. Fritz aliajiri mafundi wapatao 40: makanika, fundi bodi, fundi rangi, seremala na washonaji wa viti vya ngozi. Walitakiwa kutosema lolote kuhusu kazi yao. Watu wa mjini walijua kwamba kuna jambo linalofanyika nyuma ya milango hiyo, lakini wachache tu waliwahi kuingia.

Ndani ya jengo palitengenezwa mji mdogo. Njia zilimwagwa kokoto na kupewa majina, kila gari likawa na nafasi yake. Juu ya njia hizo zilisimamishwa mamia ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka taa za Daraja la Alexandre III mjini Paris. Palipangwa pia pawe na migahawa. Fritz alikusudia kuyafungua makumbusho kwa umma, lakini siku ya ufunguzi iliahirishwa kila mara. Ndugu hao hawakuwahi kuyafungua.

Kuanguka kwa viwanda

Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya nguo vya Ulaya Magharibi vilipata shida kubwa. Sababu zilikuwa kadhaa. Nyuzi za kutengenezwa kwa kemikali, kama nailoni na poliesta, zilikuwa na bei nafuu kuliko sufu. Nguo kutoka nchi zenye mishahara midogo ziliingia sokoni kwa wingi. Kisha bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapandisha gharama za uzalishaji na kupunguza ununuzi wa watu.

Kiwanda kinachotaka kuishi katika hali kama hiyo huhitaji mashine mpya. Wafanyakazi wa ndugu Schlumpf walisema kwamba mashine zao zilizeeka bila kubadilishwa, na kwamba fedha zilizopaswa kununua mpya zilikwenda kwenye magari. Ndugu Schlumpf walikanusha, wakisema viwanda viliangushwa na hali ya soko na kwamba magari yalikuwa jambo lingine kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba fedha za kampuni na mapenzi ya mwenye kampuni vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba haikuwa rahisi kuvitenganisha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 1976 ndugu hao walianza kuviuza viwanda. Wafanyakazi wa Malmerspach wakaachishwa kazi, na mgomo ukazuka. Waandamanaji walitaka kuingia katika jengo la Mulhouse lakini polisi waliwazuia. Hans na Fritz waliondoka Ufaransa wakaenda Basel, wakaishi hotelini. Kwa vile walikuwa raia wa Uswisi hawakurudishwa Ufaransa, ingawa walishtakiwa huko kwa makosa ya kodi na matumizi mabaya ya mali ya kampuni.

Wafanyakazi waingia ndani

Tarehe 7 Machi 1977 wanachama wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo walivunja mlango wa jengo la Mulhouse wakaingia. Walijua kwamba kuna magari, lakini hawakutegemea kuona mamia yake yamepangwa kwa mistari chini ya taa za fahari, yaking'aa, mengine yakiwa na thamani kuliko mshahara wa mtu wa maisha yote. Watu waliokuwa wakidai mishahara na viinua mgongo sasa waliona kwa macho yao mahali walipoamini jasho lao lilikwenda.

Katika siku hizo za hasira gari moja dogo aina ya Austin 7, lililokuwa halijakarabatiwa, lilichomwa moto. Lakini uharibifu haukuendelea. Wafanyakazi waliamua kulikalia jengo na kuyalinda magari, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa silaha yao: yakiharibika au yakiondolewa, hawatakuwa na kitu cha kudai. Wakalipa jengo jina jipya, Kiwanda cha Wafanyakazi, wakafungua milango kwa watu wote.

Kwa muda wa miaka miwili, hadi Machi 1979, wafanyakazi wenyewe ndio waliokuwa walinzi na waongozaji wa wageni. Watu wapatao 800,000 walikuja kutazama. Michango ya wageni ilisaidia familia za walioachishwa kazi. Hivyo makumbusho ambayo tajiri hakuyafungua yalifunguliwa na watu waliosokota nyuzi zake.

Magari ni ya nani?

Kulikuwa na madai ya pande nne:

Ndugu Schlumpf walisema magari ni mali yao binafsi, kwa sababu wao ndio waliotafuta, wakachagua na kununua.

Wafanyakazi walisema magari yalinunuliwa kwa faida iliyotokana na kazi yao, hivyo yatumike kwanza kuwalipa wao.

Wadai wengine wa kampuni, kama mabenki na waliouza malighafi, walitaka magari yauzwe ili walipwe. Mahakama iliamua kwamba mali ya ndugu hao nayo iingizwe katika ufilisi wa kampuni zao.

Serikali na wenyeji wa Alsace waliogopa kwamba magari yakiuzwa kwa mnada yangetawanyika duniani. Magari ya Bugatti yaliundwa Alsace, na wengi waliona kuwa ni sehemu ya historia yao.

Jibu lilipatikana katika sheria ya Ufaransa ya mwaka 1913 kuhusu urithi wa kihistoria. Sheria hiyo hailindi majengo tu. Inalinda pia vitu vinavyohamishika kama picha, samani na mashine. Kitu kikishaandikishwa, mmiliki hapotezi umiliki wake, lakini hawezi kukitoa nje ya nchi moja kwa moja, kukiharibu wala kukibadilisha bila idhini. Mwezi Aprili 1978 mkusanyo wa Mulhouse uliandikishwa kuwa urithi wa kihistoria wa Ufaransa.

Uamuzi huo ulikuwa na pande mbili. Uliuokoa mkusanyo usisambaratike. Wakati huohuo ulishusha bei yake, maana wanunuzi matajiri kutoka nchi za nje hawakuwa na sababu tena ya kushindana. Mwaka 1981 mkusanyo ulinunuliwa kwa faranga milioni 44 na chama kilichoundwa kwa ajili hiyo, kikiwa na wanachama kama mji wa Mulhouse, wilaya ya Haut-Rhin, mkoa wa Alsace na Klabu ya Magari ya Ufaransa. Kiasi hicho kilikuwa chini sana kuliko ambacho magari yangeleta katika mnada huru. Kwa hiyo kuna wanaosema kwamba taifa lilipata urithi wake kwa gharama ya wadai na ya familia ya Schlumpf.

Kufunguliwa na suala la jina

Makumbusho yalifunguliwa rasmi mwezi Julai 1982 kama Makumbusho ya Taifa ya Magari. Jina la Schlumpf halikuwemo. Fritz alilalamika mahakamani, akitaka kazi yake ya kuyakusanya magari itambuliwe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maneno "Mkusanyo wa Schlumpf" yaliongezwa katika jina rasmi. Hans alifariki mwaka 1989 na Fritz mwaka 1992.

Kwa wafanyakazi wa zamani suala la jina halikuwa dogo. Wengine waliona ni haki kumtaja aliyekusanya. Wengine waliona kuwa jina hilo ni kidonda. Leo historia ya ndugu hao na historia ya mgomo ni sehemu mbili za simulizi moja.

Magari ya Bugatti

Ettore Bugatti (1881–1947) alizaliwa Milano, Italia, katika familia ya wasanii. Baba yake Carlo alikuwa msanifu wa samani na mdogo wake Rembrandt alikuwa mchongaji wa sanamu za wanyama. Mwaka 1909 Ettore alianzisha kiwanda chake Molsheim, kaskazini mwa Mulhouse, wakati Alsace ikiwa bado chini ya Ujerumani. Aliamini kwamba mashine nzuri lazima ipendeze macho, na hata sehemu za injini zisizoonekana zilipigwa msasa na kung'arishwa kwa mkono.

Type 35 ni gari la mbio lililotokea mwaka 1924. Lina injini ya silinda nane zilizopangwa kwa mstari mmoja, rejeta yenye umbo la kwato ya farasi, na magurudumu ya alumini yaliyomiminwa pamoja na madramu ya breki. Kwa kubadilisha gurudumu, fundi aliweza kuiona breki mara moja, jambo lililofaa sana katika mashindano. Magari ya aina hii yalishinda mashindano ya Targa Florio huko Sicilia miaka mitano mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1929, na pia mashindano ya kwanza ya Monaco mwaka 1929.

Type 41, linalojulikana kama Royale, ni kati ya magari makubwa kuliko yote yaliyowahi kuundwa kwa ajili ya abiria wachache. Injini yake ina ujazo wa lita 12.7, gari dogo la kawaida la leo lina lita moja na nusu hivi. Ettore alikusudia kuunda magari 25 na kuwauzia wafalme. Lakini mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Yalikamilika magari sita tu, yakauzwa matatu, wala hakuna mfalme aliyenunua hata moja.

Injini zilizobaki hazikutupwa. Bugatti alizifunga katika mabehewa ya abiria yanayojiendesha yenyewe, ambayo shirika la reli la Ufaransa liliyatumia kuanzia mwaka 1933. Mradi ulioshindwa barabarani ulifanikiwa relini. Behewa mojawapo linaonekana katika makumbusho ya reli, ambayo nayo yapo Mulhouse.

Kati ya magari sita ya Royale yaliyopo duniani, mawili yako Mulhouse: Coupé Napoléon, na gari lililoundiwa bodi na kampuni ya Park Ward ya London, ambalo lilitoka katika mkusanyo wa Shakespeare. Lipo na la tatu, ambalo ni nakala ya gari alilouziwa Armand Esders, mfanyabiashara wa nguo wa Ufaransa. Gari la Esders halikuwa na taa za mbele, kwa sababu mwenyewe hakukusudia kuliendesha usiku. Bodi yake ya awali ilikwisha ondolewa zamani. Makumbusho yaliunda nakala kwa kutumia sehemu nyingi za asili zilizokuwemo katika mkusanyo.

Type 52 huwafurahisha watoto. Ni gari dogo la umeme, nusu ya ukubwa wa Type 35. Ettore alimtengenezea mwanawe mdogo gari la namna hiyo, kisha matajiri wengine wakataka kuwanunulia watoto wao.

Magari mengine

Ingawa Bugatti ndiyo inayojulikana zaidi, makumbusho yana magari ya kampuni karibu 100. Sehemu ya kwanza inaeleza historia ya gari tangu mwanzo. Humo kuna gari la mvuke la Jacquot la mwaka 1878, na magari ya awali ya Benz, Peugeot, Panhard na De Dion-Bouton. Mengi kati ya hayo yanafanana na mikokoteni iliyokosa farasi, na ndivyo yalivyokuwa: waundaji wake walikuwa mafundi wa mikokoteni na wa baiskeli walioongeza injini.

Sehemu ya pili ni ya magari ya mbio, yakiwemo ya Gordini, Maserati, Mercedes-Benz, Ferrari na Lotus. Mgeni anaweza kuona jinsi umbo lilivyobadilika, kutoka gari refu lenye injini mbele hadi gari jembamba ambalo dereva amelala mbele ya injini. Sehemu ya tatu ni ya magari ya kifahari ya kipindi cha kati ya vita viwili, kama Rolls-Royce, Hispano-Suiza na Isotta Fraschini. Yapo pia magari ya watu wa kawaida, kama Citroën 2CV.

Utunzaji wa magari ya kale

Gari la kale huharibika hata likiwa limesimama. Petroli ikikaa muda mrefu huganda na kuziba kabureta. Tairi likibeba uzito mahali pamoja hupoteza umbo. Unyevu huleta kutu, ukavu hupasua ngozi za viti, na fremu za mbao zilizo chini ya bodi zinaweza kuliwa na wadudu. Kwa hiyo gari la makumbusho lisiloendeshwa hutolewa mafuta, huinuliwa kidogo ili kupunguza uzito juu ya tairi, na huwekwa mahali ambapo joto na unyevu havibadilikibadiliki.

Swali gumu zaidi ni kiasi gani fundi aguse. Katika miaka ya 1960 desturi ilikuwa kulifanya gari la kale lionekane jipya: kulipaka rangi upya, kung'arisha chuma, kubadilisha ngozi. Mafundi wa Fritz walifanya hivyo katika magari mengi. Siku hizi wataalamu wengi wanapendelea kuacha rangi na ngozi ya awali hata kama zimechakaa, kwa sababu zinaonyesha jinsi gari lilivyotengenezwa na lilivyotumika. Rangi ya awali ikishakwanguliwa hairudi tena. Ni sawa na hati ya kale: mtu akiinakili upya kwa wino mzuri na kuichoma ile ya kwanza, amepata maandishi lakini amepoteza ushahidi.

Makumbusho leo

Uendeshaji wa makumbusho ulibadilishwa mwaka 1999, na ukarabati mkubwa ukafuata. Mwaka 2006 palijengwa lango jipya na jina la Cité de l'Automobile likaanza kutumika. Baadaye uliongezwa uwanja wa nje ambapo baadhi ya magari huendeshwa mbele ya wageni, ili watu wasikie pia sauti ya injini. Nguzo za taa za Fritz zimebaki mahali pake, na kumbukumbu ya mama yake Jeanne imehifadhiwa.

Umuhimu

Makumbusho ya Mulhouse hutajwa mara nyingi panapojadiliwa hatima ya mikusanyo ya watu binafsi. Duniani kote vitu vingi vya kale viliokolewa na mtu mmoja aliyevipenda wakati wengine walipovidharau. Bila Fritz Schlumpf, magari mengi ya Mulhouse huenda yangekatwa na kuuzwa kama chuma. Lakini mkusanyo unaomtegemea mtu mmoja una udhaifu: akifilisika, akifa au akigombana na watu wake, vyote alivyovikusanya vinaweza kutoweka kwa siku moja.

Mkusanyo huu ulipona kwa sababu tatu zilizokutana. Tajiri aliukusanya, wafanyakazi hawakuuharibu walipokuwa na nafasi ya kufanya hivyo, na sheria ikauzuia usitawanywe. Magari yenyewe yalidumu kuliko kazi zilizoyagharimia. Viwanda vya sufu vya ndugu Schlumpf havikufufuka, na waliovifanyia kazi walilazimika kutafuta riziki kwingine.